Matairi ya Misimu Yote ya Mwendo Kasi Kwenye Theluji: Jibu Langu kwa Mnaoniuliza

Wiki iliyopita niliteremka kilima cha Thompson, pale barabara ya I-35 inapoingia mji wa Duluth, Minnesota, theluji inaanguka, upepo unavuma kutoka Ziwa Superior, na gari limekaa kwenye njia yake bila kuyumba hata kidogo. Tangu niweke picha za safari ile, ujumbe hauishi. Kaka mmoja aliyehamia Des Moines, Iowa, mwaka huu ameniandikia hivi: "Kaka, habari za huko. Nimenunua gari lenye matairi karibu mapya, ya misimu yote, ile aina ya magari ya kasi. Aliyeniuzia anasema yanatosha mwaka mzima. Hii ndiyo baridi yangu ya kwanza. Nitoe hela nyingine ninunue matairi ya theluji, au nitulie?"

Namjibu hapa ili na wengine wasome. Matairi ya aina hiyo nimeyaendesha kwenye baridi hapa Minnesota, na nina la kusema juu yake, zuri na baya.

Kwanza mjue napenda gari linaloitika. Sioni haya kulisema. Nimekua nikining'inia kwenye daladala, nikiyaangalia magari ya watu yakitupita, na nilijiapiza kwamba siku nikishika hela yangu nitanunua gari ninalolitaka, si lile nitakaloambiwa linanitosha. Nilipopata kazi ya kudumu nikachukua Honda Accord Sport yenye rimu za inchi 19, matairi 235/40. Kifua kipana, ubavu mfupi. Lilikuja na matairi ya misimu yote ya mwendo kasi, ubavuni yana herufi V, yaani tairi limepimwa kuhimili hadi kilomita 240 kwa saa. Hakuna barabara ya Minnesota itakayokuruhusu mwendo huo. Lakini herufi hiyo inakueleza mengi kuhusu tairi lenyewe. Mpira wake ni mkakamavu. Kashata zake, yaani zile nundu za mpira zinazogusa barabara, ni vipande vikubwa visivyolegea kwenye kona, na mifereji mipana inazunguka tairi zima ili kusukuma maji nje.

Majira ya joto yakapita, sina la kusimulia. Oktoba na Novemba, mvua ya baridi ikinyesha kila kukicha, matairi yale yalinifurahisha kupita kiasi. Breki zinashika, kona zinashika, usukani unakupa habari zote za barabara. Ikaja theluji ya kwanza, laini, sentimita chache, na gari likaenda. Hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Theluji ya Novemba inaanguka juu ya lami ambayo bado ina joto kidogo, chumvi inaiyeyusha haraka, na magari yanaipondaponda hadi inakuwa maji. Umeendesha kwenye maji, lakini unakwenda kuwaambia watu kwamba umeendesha kwenye theluji.

Januari ni habari nyingine. Chumvi ya barabarani nguvu yake inapungua sana lami ikishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri, na hapa tunaweza kukaa wiki nzima chini ya hapo. Theluji haiyeyuki tena, inashindiliwa. Kwenye makutano yenye taa, magari yanayosimama na kuondoka yanaisugua mpaka inang'aa. Na siku za baridi kali kabisa, mvuke wa mabomba ya moshi ya magari yenyewe unagandia kwenye lami ya I-94 na kuacha barafu usiyoiona. Lami inaonekana nyeusi, safi, imelowa kidogo tu.

Mimi nafanya kazi ya usiku. Natoka nyumbani saa nne usiku, saa ambayo waliopisha dhoruba wamekwisha lala. Usiku mmoja wa Januari nilikuwa nakaribia makutano niliyoyazoea. Taa ikageuka nyekundu nikiwa mbali. Nikakanyaga breki mapema na polepole, kama anavyofanya mtu mwenye akili zake. Kanyagio likaanza kutetema mguuni, breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge, zinafanya kazi yake, mngurumo unasikika chini, na gari halipungui mwendo. Linakwenda tu. Limepita mstari, limepita mahali pa kuvukia watu, likaingia katikati ya makutano, na kule kushoto naona taa za lori zinakuja. Dereva wa lori yule aliniona mapema, akanipisha. Mungu ambariki popote alipo. Nilikaa mle garini nikimfikiria mama yangu. Nilifikiria angepigiwa simu na nani, na angeambiwa kwa lugha gani.

Kesho yake nikaenda gereji moja. Fundi akapima kashata, akaniambia matairi yako mazima, bado yana maisha marefu. Na alisema kweli! Tairi halikuwa na kasoro yoyote. Lilikuwa linafanya kazi ambayo halikuumbwa kuifanya.

Mpira wa tairi unahitaji ulaini ili uzame kwenye vishimo vidogo vidogo vya barabara na kushika. Baridi inauondoa ulaini huo. Wenye kiwanda wanaotaka tairi livumilie kona za kasi kwenye joto la Julai wanachanganya mpira ambao hautalegea, na mpira huohuo kwenye nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri unakakamaa kama ugali uliolala. Watu wa matairi hupenda kutaja nyuzi 7 za Selsiasi kama mpaka. Juu ya hapo tairi la joto linatawala, chini ya hapo tairi la baridi linaanza kulishinda. Tairi la misimu yote la mwendo kasi liko katikati, lakini limeegemea upande wa joto.

Jambo la pili ni mikato. Ukilitazama tairi la theluji kwa karibu utaona kila kipande cha kashata kimechanjwa chale nyembamba, nyingi, za kupindapinda. Chale hizo hufunguka tairi linapogusa chini na kuuma theluji. Tena mifereji yake inaibana theluji na kuibeba, kwa sababu theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira. Tairi la mwendo kasi lina chale chache. Ukilichanja sana, vipande vinalegea na ile raha ya kona inakwisha. Huwezi kupata yote mawili kwa ukamilifu kwenye mpira mmoja.

Basi nikanunua matairi manne ya theluji na rimu za chuma. Nikashuka kutoka inchi 19 hadi 17, tairi 225/50, saizi ambayo Accord za kawaida hutoka nayo kiwandani. Tairi jembamba kidogo linakata theluji na kutafuta chini, lile pana linataka kuelea juu yake. Ubavu ukiwa mrefu, shimo la barabarani nalo haliivunji rimu kirahisi. Iligharimu zaidi ya nusu ya kodi yangu ya mwezi, na sijui hela niliyowahi kuitoa kwa moyo mweupe kiasi kile.

Sasa hapa ndipo penye kidonda. Kwenye sherehe moja ya Watanzania wenzangu, mzee mmoja ninayemheshimu alisikia habari hiyo akapaza sauti mbele za watu: "Kwani gari lako lina miguu minane?" Ukumbi ukacheka. Wengine wakaongeza, huyu amekuwa mzungu, huyu hana watu wa kuwatumia hela nyumbani. Mimi! Ambaye nimesomesha wadogo zangu kwa zamu za usiku! Nilitabasamu kwa sababu ya adabu, nikala, nikaondoka. Mpaka leo nikikumbuka lile neno la kutuma hela nyumbani linanichoma.

Safari ya wiki iliyopita ilikuwa ya msiba, na tulitoka Minneapolis magari kadhaa. Tulipofika Hinckley, katikati ya njia, theluji ilikuwa imeifunika I-35 na magari yalikuwa yameanza kulala mitaroni. Baadhi ya wenzangu wakaegesha hapo, na walifanya vyema, usalama kwanza. Niliwachukua wawili tukaendelea polepole. Tulipofika Thompson, barabara inaporomoka kuelekea ziwani na mji mzima unauona chini yako, nikagusa breki, gari likapungua. Nikagusa tena, likapungua tena. Mmoja wa abiria wangu alikuwa kwenye ule ukumbi uliocheka. Hakusema kitu mpaka tulipofika msibani, kisha akaniuliza nilinunua wapi. Nilimjibu vizuri, na nakiri moyo wangu ulijaa.

Ndugu zangu, tumekuja huku kutafuta maisha. Wengi wetu tuna kiwanja Kibaha au Kitengela, tuna nyumba inayosubiri mabati, tuna mzazi mwenye dawa za kila mwezi. Vyote hivyo vinakaa juu ya gari linalokufikisha kazini saa tano usiku mwezi wa Januari. Ukikosa gari umekosa zamu, ukikosa zamu umekosa kodi. Halafu mtu anaweka spika za kutikisa vioo na rimu za kumeremeta, ukimwambia habari ya tairi anakwambia Mungu yupo. Mungu yupo, na amekupa macho ya kusoma ubavu wa tairi lako. Usome.

Ukiona M+S tu, alama ya matope na theluji, haikuambii mengi. Alama hiyo hutolewa kwa kuangalia umbo la kashata na upana wa mifereji. Tairi halilazimiki kupimwa kwenye theluji hata mara moja ili kuipata. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Huo ulianza kutumika Amerika ya Kaskazini mwaka 1999, na kuupata lazima tairi lipimwe kwenye theluji iliyoshindiliwa na livute angalau asilimia 10 zaidi ya tairi la kulinganishia. Ila sikia vizuri: ni uvutaji kwenye theluji. Kipimo hicho hakihusu barafu, na hakihusu breki za kwenye barafu, kitu kilichonipeleka katikati ya makutano.

Yapo matairi ya misimu yote ya mwendo kasi yenye mlima huo. Kwa mtu wa Virginia, Tennessee au Seattle ningemwambia achukue aina hiyo aishi kwa amani. Continental wana ExtremeContact DWS06 Plus, halina mlima, lakini wameandika D (pakavu), W (majimaji) na S (theluji) kwenye kashata. S ikifutika, kina kilichobaki hakifai tena kwa theluji. Wazo zuri sana, natamani kampuni zote zingeliiga. Tairi jipya lina kina cha milimita 8 hivi, sheria ya majimbo mengi inaruhusu hadi 1.6, lakini kwa theluji ukifika kwenye 5 anza kutafuta mengine. Kipara ni kipara kabla sheria haijakiita kipara.

Wasomaji wa nje ya Marekani, sheria zenu zimekwisha amua. Quebec inataka matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, M+S peke yake haikubaliki tena barabara ikiwa na theluji au barafu, wanataka mlima. Sweden ni Desemba hadi mwisho wa Machi kukiwa na hali ya baridi barabarani, na kina kisipungue milimita 3.

Na wewe wa magurudumu yote manne kuvuta, usinitumie ujumbe wa kubishana. Kuvuta kwa magurudumu manne kunakusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, na kinachogusa barafu ni tairi. Magari marefu ya aina hiyo ndiyo niliyoyaona mengi kwenye mitaro ya Hinckley, kwa sababu yaliweza kuondoka kwa haraka wasiyoweza kuizuia.

Kaka wa Des Moines, kama unafanya kazi ya usiku, nunua manne ya theluji na rimu zake za chuma, na hayo ya mwendo kasi yatunze kwa ajili ya Aprili. Yatakaa muda mrefu zaidi kwa kuwa kila baridi yanapumzika. Kama unafanya kazi ukiwa nyumbani na unaweza kusubiri barabara isafishwe, tafuta ya mwaka mzima yenye alama ya mlima, kama Michelin CrossClimate 2, na raha ya kona ipungue kidogo. Nunua Oktoba. Theluji ikishaanguka, foleni ya gereji inafika barabarani na saizi yako imekwisha.

Usikubali fundi akufungie mawili tu mbele ili kupunguza gharama. Mbele kutashika, nyuma kutaserereka, na kwenye kona ya kwanza yenye barafu gari litageuka na kukuelekeza ulikotoka. Funga manne. Ukiendesha kilomita 80 hadi 160, rudi ukaze nati tena. Na pima upepo asubuhi gari likiwa limelala nje, maana kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6 tairi linapoteza pauni moja hivi. Lililojazwa pauni 33 kwenye nyuzi 20 litakuwa na 26 tu baridi ikifika 20 chini ya sifuri.