Kabla Hujaambiwa Huna Kipaji, Kagua Klarineti

Wiki hii dada mmoja wa Tukuyu kaniandikia: "Kaka, nimerithi klarineti ya marehemu mjomba. Napuliza mpaka kichwa kinauma, inatoa mlio wa bata tu. Kiongozi wa bendi anasema nirudi kwaya. Nifanyeje?"

Hapo kwenye "nirudi kwaya" nikaiweka simu chini kwanza.

Maana na mimi niliambiwa. Ilikuwa Iringa, mbele ya wenzangu wote wa matarumbeta, na aliyesema ni mtu mzima ninayemheshimu: "Kijana, wewe mapafu huna." Watu wakacheka. Mapafu sina, mimi niliyekuwa nasukuma baiskeli ya mkaa kutoka Ipogolo kupandisha mpaka mjini! Nikaendelea kuhangaika na ile klarineti kwa hasira, hadi nilipohamia Mbeya nikaipeleka kwa fundi mmoja wa saksafoni. Aliigeuza, akavuta hewa kwa mdomo mara moja, akanirudishia. "Inavuja." Vile vizibo vidogo vya ngozi chini ya funguo vilikuwa vimekauka. Hata bingwa asingepata noti za chini pale.

Kwa hiyo dada, jambo la kwanza ni chombo. Chomoa kipande cha juu cha mwili, chenye matundu. Ziba matundu ya mbele na lile la kidole gumba kwa mkono wa kushoto, tundu la chini liweke kwenye kiganja cha kulia, kisha vuta hewa. Ulimi ukinata kidogo na hewa ikakwama, ni kizima. Ikipita tu, tafuta fundi, usimtafute mchungaji akuombee.

Halafu ridi, kile kijibamba chembamba kinachofungwa kwenye kipande cha mdomoni na kutetema ukipuliza. Ya mjomba itupe, kwa heshima zote. Nunua namba 2 au 2 na nusu. Hizo ngumu ngumu waachie wanaojionyesha. Ilowanishe mdomoni, ncha yake ilingane na ncha ya kipande cha mdomoni, usiikaze mno. Meno ya juu yakae juu ya kipande, mdomo wa chini ukunjwe kidogo juu ya meno ya chini, mashavu yasivimbe. Anza na kipande cha mdomoni na kile kifupi kinachofuata tu, bila mwili. Sauti ikitulia, ndipo uunge vingine.

Na wewe msomaji ambaye bado huna klarineti, nunua ya plastiki. Najua ya mbao inapendeza. Tena mbao yenyewe ni mpingo wetu, ule ule wa vinyago vya Wamakonde, unaovunwa kule Lindi na Ruvuma, unakwenda Ufaransa na Ujerumani, unarudi kwa bei ambayo mkulima wa viazi wa Uporoto haigusi. Lakini Juni na Julai huku kwetu unajua baridi yake. Pumzi ya moto ikiingia kwenye mbao ya baridi, mbao inaweza kupasuka. Plastiki haina maneno.

Mazoezi sina mengi ya kusema: noti ndefu, kila siku, za chini. Watu wanakimbilia nyimbo za Pasaka kabla sauti haijasimama, ndiyo maana bendi nyingi ni makelele. Ndugu zangu, tuwe na subira! Noti ndefu. Ukizichoka, endelea nazo.

Ufunguo wa nyuma wa kidole gumba usikutishe. Klarineti si filimbi: ukishika C ya chini ukaubonyeza, inatoka G ya juu, siyo C nyingine kama kwenye filimbi. Wengi hapo hudhani wameharibu kitu.

Yule mzee wa mapafu siku hizi hunipigia simu kila harusi inapokaribia. Naenda, ila nauli nadai mapema.

Umeuliza pia kwa nini hupatani na kinanda cha kanisani. Klarineti nyingi ni za B-flati: ukipiga C yako, kinanda kinasikia B-flati. Wakiimba kwa G, wewe piga kwa A. Wakiimba kwa F, piga kwa G. Usimwombe mpiga kinanda ahamie kwako, hatakubali. Na tarumbeta nyingi nazo ni B-flati, kwa hiyo kaa karibu na wapigaji wake, uwaibie noti.