Boksi la sabufa ya inchi 12 linavuma noti moja: shida ni hewa na tundu, siyo amplifaya

Mkuu, nimeyasoma maelezo yako. Sabufa ya inchi 12 kwenye gari dogo, Toyota IST. Karatasi yake inasema Fs (masafa ya mtikisiko wake wa asili) 28 Hz, Qts (kipimo cha jinsi mtikisiko huo unavyozuiwa) 0.45, Vas (hewa yenye ulaini sawa na wa mshikizo wa koni yake) lita 60. Fundi alinakili boksi la gari lingine: lita 55 kwa vipimo vya ndani, tundu la hewa la mbao sm 5 kwa 32, urefu wake sm 30. Besi inavuma sehemu moja, chini haishuki, na ukifungulia sana unasikia harufu ya kuungua. Unauliza kama ununue amplifaya kubwa zaidi. Usinunue. Namba ulizoandika zenyewe zinaonyesha kosa liko wapi.

Lita 55 ni za boksi likiwa tupu. Sumaku na kapu la sabufa ya inchi 12 vinachukua kama lita 3. Hewa iliyomo ndani ya tundu haihesabiki kuwa ya boksi: 5 × 32 × 30 ni lita 4.8. Ubao unaotenganisha tundu na boksi unachukua lita 1.7. Hewa halisi inayobaki ni lita 45 na ushee.

Sasa kanuni ya tundu, kwa sentimita na lita:

Urefu = (23,562 × kipenyo × kipenyo) ÷ (Fb × Fb × lita) − 0.732 × kipenyo

Fb ni masafa ambayo tundu limepangiwa. Tundu la mstatili ligeuze kwanza liwe duara lenye eneo lile lile: sm 5 kwa 32 ni sm za mraba 160, sawa na duara la kipenyo cha sm 14.3. Ukiirudisha kanuni kinyumenyume kwa tundu lako la sm 30 na lita 45, Fb inatoka karibu 51 Hz. Ndiyo ile noti moja unayoisikia. Hapo tundu linapiga kwa nguvu zote, na noti za jirani zinamezwa.

Chini ya 51 Hz hali ni mbaya zaidi. Hewa inaingia na kutoka tunduni kama mlango uliosahauliwa wazi, hakuna kinachoishika koni (ile sehemu ya sabufa inayocheza mbele na nyuma). Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni 41 Hz. Ikipigwa hiyo, koni yako inaruka hadi mwisho wa safari yake lakini sauti haitoki. Wewe unaongeza sauti na bass boost, amplifaya inafika kikomo na kuanza kukata mawimbi, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inapata moto. Harufu ile ni ya koili na gundi yake. Ukiongeza wati juu ya boksi hilo utaiua sabufa mapema tu.

Kuna dawa ya bei ndogo, ijaribu leo. Ziba mdomo wa tundu kwa kipande cha MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), gundi na skrubu, hewa isipite kabisa. Boksi linakuwa la kufungwa lenye lita 50 hivi. Kwa boksi la kufungwa, Qtc ni Qts ya sabufa ikishakaa ndani ya boksi:

Qtc = Qts × kipeuo cha pili cha (Vas ÷ lita + 1)

60 ÷ 50 + 1 ni 2.2, kipeuo chake cha pili 1.48, mara 0.45 unapata 0.67. Inayotafutwa kwa sauti iliyonyooka ni 0.707, kwa hiyo umeshafika. Masafa ya boksi yatakuwa 28 × 1.48, yaani kama 41 Hz, na ndani ya gari dogo lililofungwa vioo besi za chini hupandishwa na udogo wa gari lenyewe, hivyo utashuka chini ya hapo bila shida. Utapoteza makelele ya ile 51 Hz, lakini utasikia gitaa la besi likitembea noti kwa noti. Kwa maoni yangu watu wengi wenye gari dogo wangetosheka hapa.

Ukitaka nguvu ya tundu, jenga upya. Kulirefusha tundu ndani ya boksi hilohilo hakusaidii: likifika sm 65 linakula hewa mpaka zinabaki lita 38, na Fb inagoma kwenye 41 Hz. Lenga lita 55 halisi na Fb 34 Hz. Eneo la tundu liwe kama sm za mraba 3 kwa kila lita moja, hivyo 160 zinatosha. Kanuni inatoa urefu wa sm 65. Jumlisha: hewa 55, tundu 10, ubao wake 3.5, sabufa 3, vishikizo vya ndani 1.5. Jumla lita 73. Vipimo vya ndani kimo 32, upana 66, kina 35 vinakupa 73.9. Kwa MDF ya mm 18, na uso wa mbele wa mbao mbili, nje inakuwa 35.6 kwa 69.6 kwa 40.4. Pima mlango wa buti kwanza, siyo sakafu tu. Boksi linaweza kuenea ndani lakini likakataa kupita mlangoni.

Tundu la sm 65 halikai moja kwa moja ndani ya kina cha 35, kwa hiyo linakunja L: linafuata ubavu, kisha linageuka na kufuata ubao wa nyuma. Urefu upime katikati ya njia, ukihesabu na unene wa uso wa mbele. Tundu linalotegemea kuta za boksi mara nyingi hupiga chini kidogo ya hesabu, kwa hiyo kifuniko cha juu kibane kwanza kwa skrubu na utepe wa sponji, utepe huo upite hata juu ya ubao wa tundu. Pima Fb (namna ya kupima iko hapo chini), na ukiona iko chini sana punguza ubao wa nyuma sm 2, upime tena. Gundi ya kifuniko iwe ya mwisho.

Bomba moja la PVC la inchi 4 ndilo mafundi wengi wanalopenda, kwa sababu kwa boksi hili urefu wake ni sm 30 tu na linaingia kirahisi. Hewa ya inchi 12 ni nyingi kwa bomba hilo. Ukifungulia litafoka kama mtu anayepuliza chupa. Mawili yanatosha, ila kila moja litahitaji sm 67 na kiwiko.

Kuhusu mbao: gundi ndiyo inayoziba, skrubu inashika tu mpaka ikauke. Toboa kwanza kwa keekee ya mm 3, skrubu ya 4 × 50 kila sm 12 hadi 15, la sivyo MDF inapasuka ukingoni. Acha saa 24. Pembe za ndani pitisha silikoni, nayo iachwe siku nzima kabla ya kufunga sabufa. Ile yenye harufu ya siki hutoa mvuke mkali. Kwa Dar, Zanzibar au Mombasa ningechagua marine bodi ya mm 18, kwa sababu unyevu wa pwani huivimbisha MDF kuanzia kingo zilizokatwa. Ukibaki na MDF, paka kingo hizo rangi kabla ya kuvisha kapeti.

Kupima Fb: cheza kwa simu sauti za 25 hadi 60 Hz, hatua ya 1 Hz, kwa sauti ndogo. Pale koni inapokaribia kusimama huku hewa ya tunduni ikipuliza kwa nguvu ndipo ilipo. Uvujaji utafute kwa moshi wa udi kwenye maungio huku 30 Hz inalia. Moshi ukitikisika, hapo pana mwanya.

Kwenye amplifaya, kichujio kinachokata masafa ya juu kiweke 80 Hz, na kinachokata ya chini kabisa (subsonic) 28 Hz. Hiki cha pili ni lazima kwa boksi lenye tundu. Bass boost iwe sifuri, maana desibeli 6 zinadai wati mara nne. Gain (kitufe cha kulinganisha amplifaya na redio) ipange kwa mita: chomoa sabufa, redio iwe robo tatu, cheza 50 Hz, pandisha taratibu. Kwa wati 500 kwenye ohm 4 simama volti 44.7 za AC zikisoma, kisha urudishe waya.