Mwalimu wa Kilatini akipewa ofisi ya mkuu wa kitivo: jibu kwa mwenzetu wa Kisumu

Aliyefungua uzi anafundisha Kilatini na falsafa Kisumu. Ameletewa barua ya kukaimu ukuu wa kitivo, naye anauliza mawili: je, atabaki na muda wa kufundisha, na ashike nini kwanza? Wengi hapo juu wamemwambia aombe Mungu au akatae. Mimi nasema akubali, ila ajue kwamba kazi yenyewe ni karatasi. Na hapo ana faida asiyoijua. Aliyezoea kusubiri kitenzi cha Cicero, yule mwandishi wa Kirumi, mpaka mwisho wa sentensi ndiye anayefaa kusoma kanuni za chuo, maana kifungu cha kukuumiza huwekwa huko huko mwishoni.

Kabla ya kutia sahihi, Mwalimu, soma barua mara mbili. Je, imetaja tarehe ya mwisho ya kukaimu? Ukaimu wa miezi sita hujongea ukawa miaka, na posho ya majukumu huweza kusimamishwa katikati bila yeyote kukuarifu. Omba saa zako za kufundisha zipunguzwe kwa maandishi na jina la atakayezibeba litajwe. Bila hivyo utabaki na kozi zako zote, na ofisi juu yake. Kisha dai ripoti ya makabidhiano kutoka kwa unayempokea. Iwe na orodha ya samani na kompyuta, masurufu (fedha za matumizi zilizotolewa kabla) ambayo hayajarejeshwa, madai ya wahadhiri wa muda yasiyolipwa, kesi za udanganyifu wa mitihani zilizo njiani, na wanafunzi wa uzamili waliokwama pamoja na majina ya wasimamizi wao. Asipoitoa, iandike wewe kwa unachokikuta, uipeleke kwa msajili wiki hiyo hiyo ikapigwe muhuri. Baada ya mwezi, kila shimo litahesabiwa kuwa lako.

Kinachowamaliza wakuu wa vitivo ni alama zinazokosekana. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anafika wiki mbili kabla ya mahafali, jina lake halimo kwenye orodha, na kozi moja ya mwaka wa pili iko tupu. Ukichunguza, aghalabu utakuta moja kati ya haya: hakusajili kozi kwa sababu ya deni la karo, akaingia mtihani kwa huruma ya msimamizi; au alifanya mtihani na kundi jingine; au mtaala ulipitiwa upya, msimbo wa kozi ukabadilika, alama zikabaki kwenye msimbo wa zamani; au majaribio ya ndani hayakuingizwa, na pale ambapo mtihani ni 70 na majaribio ni 30, mfumo hautoi jumla kwa upande mmoja. La mwisho ndilo gumu: mhadhiri wa muda hajalipwa, na vijitabu vya majibu ameviweka kwake.

Dawa yake huanza siku ya mtihani. Kabla jua halijazama, linganisha hesabu tatu: waliosajiliwa, waliotia sahihi ukumbini, na vijitabu vilivyokusanywa. Hesabu ya pili na ya tatu zikitofautiana, bahasha isitoke chumba cha mitihani. Mhadhiri anapochukua vijitabu atie sahihi kwa idadi, si kwa maneno "bahasha moja". Anaporudisha, vihesabiwe tena mbele yake. Daftari la kawaida linatosha. Mfumo wa kompyuta, hata uwe wa gharama gani, hauwezi kurudisha kijitabu ambacho hakikuhesabiwa mlangoni.

Kutoka hapo alama hupita bodi ya idara, mtahini wa nje, bodi ya kitivo, kisha seneti ya chuo. Ikibainika kosa baada ya bodi ya kitivo, marekebisho yarudi kwa barua ya mhadhiri ikiwa na kijitabu chenyewe, na yaingie kwenye kumbukumbu za kikao. Usibadilishe alama kwa simu, hata anayepiga awe ndiye aliyekuteua. Na mtahini wa nje umwandikie mapema: kama anatoka Njoro kuja Maseno atahitaji usafiri na malazi yaliyokwisha kuidhinishwa, ama sivyo atakuja siku moja, apitie juu juu, aondoke na gari la saa tisa.

Kuhusu hao wahadhiri wa muda, madai yao hukwama kwa sababu za kuchosha. Barua ya uteuzi imeandikwa tarehe iliyo baada ya mhadhara wa kwanza. Kozi haimo kwenye ratiba iliyoidhinishwa. Sajili ya mahudhurio haina sahihi ya kiongozi wa darasa. Kasma, yaani fungu la bajeti, imekwisha. Matatu ya kwanza yako mikononi mwako: barua zitoke kabla ya wiki ya kwanza ya muhula, basi. La nne huliwezi, lakini unaweza kumwambia mtu ukweli mapema badala ya kumzungusha mpaka Aprili.

Fedha nitazipita haraka. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, masomo kwa kawaida huanza Septemba, na mapengo mengi ya bajeti yanatokana na hapo: unapanga matumizi kabla ya kujua idadi ya wanafunzi. Kisichokuwa kwenye mpango wa ununuzi hakinunuliwi, na kugawa ununuzi vipande vipande ili kukwepa zabuni ni kosa kisheria. Masurufu ya safari katika taasisi za umma hurejeshwa ndani ya siku saba za kazi baada ya kurudi kituoni. Ukichelewa, hukatwa kwenye mshahara. Piga picha kila risiti siku unayoipata, kwa maana zile za mashine hufifia.

Kuna aliyeuliza hapo juu kama mtu wa Kilatini anaweza kweli kuendesha chuo. Amsome Andrew Fleming West wa Princeton, Marekani. Alikuwa profesa wa Kilatini tangu 1883, na mwaka 1901 akawa mkuu wa kwanza wa skuli ya uzamili hapo. Yeye na rais wa chuo, Woodrow Wilson, waligombana juu ya mahali pa kujenga chuo cha wanafunzi wa uzamili: Wilson alitaka kiwe katikati ya kampasi, West akataka kiwe mbali. Mwaka 1909 mfadhili William Cooper Procter aliahidi dola 500,000 kwa masharti, na moja lilihusu mahali pa jengo. Mwaka 1910 Isaac Wyman akafariki akiwa ameacha wasia mkubwa, na West ametajwa humo kuwa mmoja wa watekelezaji wake. Wilson akasalimu amri, akaondoka mwaka huo huo kwenda kwenye siasa, na jengo likafunguliwa 1913 pale alipotaka West. West alikaa ofisini mpaka 1928. Mtu wa Kilatini alimshinda rais wa baadaye wa nchi, lakini alimshinda kwa fedha zenye masharti, na chuo kikagawanyika kambi mbili. Kwetu mfadhili huja na maabara ya kompyuta au ufadhili wa masomo. Masharti yake yapite kwa mwanasheria wa chuo na seneti kabla ya picha kupigwa, hata kama ni rafiki yako wa parokiani.

Sasa Kilatini chenyewe. Baki na kozi moja, ile ya mwaka wa kwanza, usishike mbili. Ratiba itataka kukupa saa tatu mfululizo ili siku nyingine uwe huru kwa vikao. Kataa. Lugha yenye miisho mingi kiasi kile haivumilii pengo la siku sita, na wiki ya nne utakuta darasa limesahau kundi la kwanza la nomino. Omba saa mbili siku moja na saa moja siku nyingine, vipindi vyote vianze saa moja au saa mbili asubuhi, kabla simu hazijaanza. Wiki 14 mara saa tatu ni saa 42. Ondoa majaribio mawili, sikukuu, na siku utakazoitwa Nairobi ghafla, zinabaki kama 35. Zinatosha makundi matano ya nomino, vivumishi, na vitenzi vya hali ya kuarifu katika nyakati zote sita. Ukijaribu kuingiza hali tegemezi humo, utaharibu vyote viwili. Ipeleke muhula wa pili. Kila kipindi kianze na jaribio la dakika tano la miisho, wasahihishane wenyewe, nawe ubaki na tafsiri tu za kusahihisha.

Hatari nyingine ni idadi. Darasa la watu sita hufutwa kwa hoja ya gharama, na mkuu wa kitivo hawezi kulitetea la kwake mwenyewe bila kuonekana anajipendelea. Lifanye kozi ya pamoja ya falsafa, teolojia, sheria na isimu kabla hujaingia ofisini, na lipitishwe na bodi ukiwa bado mhadhiri wa kawaida. Waseminari ndio msingi imara, kwa sababu kanuni ya 249 ya Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 inataka wanaoandaliwa kwa upadre wakijue Kilatini vizuri. Seminari za falsafa kama Mabanga, Bungoma, ni mahali pa kuzungumza nao kuhusu walimu na vitabu. Ile hoja ya zamani kwamba wanabotania lazima waandike Kilatini iache: tangu 1 Januari 2012 maelezo ya mmea mpya yanakubaliwa kwa Kiingereza au Kilatini. Majina bado ni ya Kilatini, ila hakuna tena anayelazimika kuandika aya nzima.

Mgomo wa wahadhiri ukija, utaletewa fomu ya kuorodhesha nani amefundisha na nani hajafundisha. Andika ulichokiona kwa macho yako na tarehe, hata kama ni mistari miwili, na usitie sahihi orodha yenye nafasi tupu. Wenzako utarudi kukaa nao idarani.

Na kwa ajili ya kurudi huko, omba likizo ya utafiti itakayofuata kipindi chako, uiombe sasa wakati bado wanakuhitaji. Bodi za kupandisha vyeo huhesabu makala na wanafunzi wa uzamili waliomaliza, na vikao ulivyoendesha havitakufikisha mbali. Usisimamie zaidi ya wanafunzi wawili ukiwa ofisini, na hao wawe wamekwisha kupitisha mapendekezo yao ya utafiti.