Sumaku ilinidanganya, mdogo wangu

Juzi kijana wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, nataka kusubu vyuma vya kuhimili moto, nianze na tanuri la ukubwa gani?" Tanuri baadaye. Sikiliza kwanza yaliyonikuta.

Mwaka wangu wa pili wa kusubu vyuma mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nilipata oda ya sahani 24 za wavu wa tanuri, kiwanda kimoja barabara ya Nyerere. Moto wake nyuzi 950 hivi. Kinachotakiwa nilikijua: kromiamu asilimia 25, nikeli 20, kaboni 0.4. Kromiamu huotesha ngozi ya oksaidi, chuma kisiliwe na hewa ya moto. Kaboni hutengeneza kabaidi, chembe ngumu ndani ya chuma, sahani isivutike taratibu kwa uzito. Nikeli ndiyo hukifanya chuma kitulie motoni, kisijikunje wala kukatika, nayo ndiyo inayokausha mfuko. Ferokromu, mchanganyiko wa chuma na kromiamu, nilinunua, nikeli nikaifuata kwenye stenlesi chakavu Buguruni, nikipima kwa sumaku: isiponasa, nikeli imo. Nilijiona mjanja kuliko walimu wangu.

Kumbe stenlesi nyingi za bei rahisi zimetiwa manganizi kufidia nikeli, nazo hazinasi sumaku vilevile!

Wiki ya tano nikaitwa. Sahani zimejikunja kama papadi, nyingine zilikatika kama biskuti tanuri lilipozimwa. Meneja akazimwaga miguuni pangu mbele ya vijana wake, akaniambia nirudi nikasubu majiko ya mkaa. Wakacheka. Miaka sita imepita, na kicheko cha yule mfupi aliyeshika toroli bado nakisikia.

Kwa hiyo pima. Pima kila mzigo wa chakavu kabla haujaingia tanurini. Ile mashine ya mkononi ya eksirei itakuonyesha kromiamu na nikeli, lakini kaboni haioni. Kipande cha sampuli kipeleke maabara. Halafu pima tena. Vijana mnapenda njia ya mkato, mnataka gari kabla ya mizani, mkiharibu mnasema mmerogwa. Nani akuroge wewe, na chakavu umechagua mwenyewe?

Mwezi uliopita sahani zangu mpya zilitimiza mwaka kwenye tanuri lilelile, chini ya meneja mwingine. Likiwa limezimwa niliomba niingie. Nilichuchumaa mle nikigonga moja moja kwa nyundo, zinalia kama kengele, mpaka mlinzi akachungulia: "Mzee, umepoteza nini humo?"