Hofu ya hesabu: maswali yenu ya wiki hii

Barua nyingi wiki hii zinahusu hesabu. Nimezifupisha nne. Hili ni jambo ambalo nimeliona darasani kwa miaka mingi, na linaniuma.

Niko kidato cha pili. Nyumbani maswali nayaweza, lakini kwenye mtihani kila kitu kinafutika kichwani. Nina kasoro ya akili?

Huna, mwanangu. Unapokokotoa, akili inashika mambo mengi kwa pamoja: namba ulizopewa, hatua uliyofikia, ile moja uliyoweka mkononi. Nafasi hiyo ni finyu kwa kila binadamu, na hofu ikiingia inakaa humohumo. Ulichojifunza kipo, kimekosa pa kukaa tu.

Mwaka 2011 watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock, wa Chicago, walionyesha kuwa wanafunzi walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi, hasa wale wenye hofu kubwa. Jaribu. Andika kwa lugha yoyote, bila kujali herufi. Karatasi iache nje ya chumba cha mtihani, isije ikadhaniwa umeingia na majibu. Kisha anza na swali unaloliweza, hata kama ni la tisa.

Binti yetu yuko darasa la tano. Akikosea tebo, baba yake anamchapa. Anasema hata sisi tulijifunza hivyo.

Mwambie aache, mama, tena leo. Mtoto anayechapwa kwa kukosea hujifunza kuficha kosa, na kosa lililofichwa halisahihishwi. Akikwama kwenye 7 mara 8, muulizeni 7 mara 4 ni ngapi. Atasema 28. Basi aijumlishe mara mbili, apate 56. Na hata akipatia, muulizeni: "Umeipataje?"

Nafundisha darasa la nne. Hesabu nilifeli kidato cha nne, na siku ya kufundisha sehemu, yaani nusu, theluthi na nyinginezo, moyo unanienda mbio. Watoto wanatambua?

Wanatambua, mwalimu mwenzangu, na nakushukuru kwa kusema ukweli, kwa sababu walimu wa namna hii ni wengi na wanateseka kimya kimya. Mwaka 2010 Beilock na wenzake walichapisha utafiti juu ya walimu wa kike wa madarasa ya mwanzo Marekani. Mwaka ulipoanza, hofu ya mwalimu haikuhusiana na uwezo wa wanafunzi wake. Ulipoisha, kadiri mwalimu alivyokuwa na hofu, ndivyo wasichana wake wengi walivyoamini kuwa hesabu ni za wavulana, na walioamini hivyo walipata alama za chini zaidi katika hesabu.

Kwa hiyo usiwaambie kamwe, "Hata mimi zilinishinda." Jioni kabla ya kipindi, fanya mwenyewe maswali yote utakayowapa, ukosee huko huko nyumbani. Halafu ingia na chapati. Nusu jumlisha theluthi: watoto wengi watasema mbili ya tano, kwa kuwa wamejumlisha juu na chini. Usiwakemee. Ikate chapati vipande 6 vilivyo sawa. Nusu ni vipande 3, theluthi ni vipande 2, jumla 5 kati ya 6. Hapo wataona kwa macho kwa nini tunatafuta asili, yaani namba ya chini, inayofanana, na wewe pia utaiona, pengine kwa mara ya kwanza. Ukikosea ubaoni, sema, "Hapa nimeteleza, nani ameona wapi?" Mtoto aliyemsahihisha mwalimu wake bila kugombezwa anarudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

Mwanangu alipata A ya Hisabati darasa la saba katika shule ya serikali hapa Tanzania. Sasa kidato cha kwanza anapata 20 na anachukia hesabu.

Kwanza tazama lugha. Miaka saba amefundishwa kwa Kiswahili, ghafla karibu kila kitu ni Kiingereza. Kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote ulizopewa, anakijua vizuri, jina lake jipya ndilo hajaambiwa. Mnunulie daftari dogo: upande mmoja neno la Kiswahili, upande wa pili la Kiingereza, katikati mfano mmoja aliokokotoa mwenyewe. Maneno matano kwa siku yanatosha.