Mume asema bahari tunayo kwetu

*Shikamoo Shangazi. Mimi mzaliwa wa Unguja, mume wangu wa Mombasa, na tunaishi Leicester, Uingereza, mwaka wa 18 sasa; yeye ana pasipoti ya Uingereza, mimi bado nashika ya Tanzania. Kila likizo ni Mombasa kwa mama mkwe, na huko naamka na adhana kusukuma chapati za watu kumi na wanne. Mwaka huu natamani twende kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, sisi wawili tu. Baba Nuru kacheka: "Nilipe pesa nikatazame bahari na ngome, mimi niliyekulia nyuma ya Fort Jesus?" Shangazi, nimeshalipa arbuni ya chumba cha Agosti na hajui. Nifanyeje? – Mama Nuru*

Marahaba mwanangu. Hiyo arbuni mwambie leo, kabla hajaiona mwenyewe kwenye taarifa ya benki. Atanuna siku mbili, mwache anune, ana haki. Na kumshtukiza kwa safari ungeshindwa tu. Umesema yeye ana pasipoti ya Uingereza na wewe bado unashika ya Tanzania. Basi yeye anapanda ndege bila viza, wewe lazima uombe ya Schengen, viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, hata kama una kibali cha kudumu cha kukaa Uingereza. Ada ni yuro 90, pamoja na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na jibu huchukua siku 15 mambo yakienda sawa. Usingojee wiki za mwisho.

Kuhusu bahari, usibishane naye. Mtu wa Mombasa humshindi kwa bahari, na ufuo wa pale mjini Rhodes ni kokoto tupu. Mchanga mpaka mwende Tsambika au Faliraki. Mweleze habari ya chapati. Akifika kwao yeye hukaa barazani na wenzake, kahawa inapita, usiku anarudi kalala. Kwake hiyo ndiyo likizo, na anadhani nawe umepumzika kwa sababu mlikuwa pamoja. Miaka 18 hajakuona uchovu wako kwa kuwa hukuwahi kumwambia, ulimwonyesha picha za Ugiriki badala yake.

Akishaelewa hilo, ngome itajiuza yenyewe. Fort Jesus unaimaliza asubuhi moja. Rhodes ni mji mzima ndani ya kuta za kilomita 4 hivi, na watu bado wanaishi humo, wanaanika nguo kama Mji Mkongwe kwenu. Handaki lake halina maji, mnashuka na kutembea ndani yake, kuta zikiwa juu yenu. Wanajeshi watawa wa Mtakatifu Yohana waliushika mji huo tangu 1309, hadi Sultani Suleiman wa Waturuki alipouzingira miezi 6 mwaka 1522 wakasalimu amri. Hapo Baba Nuru atakukumbusha kwamba Waomani waliizingira Fort Jesus karibu miaka mitatu. Mwache atambe. Kisha mpeleke kwenye Msikiti wa Suleiman na maktaba ya Waislamu ya 1793 iliyo jirani nao.

Akiuliza lile sanamu kubwa la shaba la Rhodes ya kale liko wapi, mjibu mapema asije akadai arbuni: tetemeko la ardhi lililiangusha miaka 226 kabla ya Kristo, na hata liliposimama hapajulikani kwa hakika.

Kuna kona moja ningependa msiipite. Ni mtaa wa zamani wa Wayahudi, wenye sinagogi la 1577. Baadhi ya watu wake walihamia Kongo enzi za Wabelgiji, wakafungua maduka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, katikati ya wasema Kiswahili. Waliobaki walikamatwa na Wanazi Julai 1944 wakapelekwa Auschwitz. Kaeni pale kidogo.

Sasa huo mwezi. Agosti nani kakushauri? Jua linachoma, bei ziko juu, na kuna upepo wa kaskazini, meltemi, unaovuma hasa upande wa magharibi. Muulize mwenye chumba kama arbuni inahamishika hadi mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Maji bado yana joto na watu wamepungua. Akikataa, hesabu hasara kabla hujalipa salio. Mkilala ndani ya kuta ni pazuri, ila vichochoro vimetandikwa kokoto, sanduku la magurudumu mtalibeba mkononi. Mji wa Lindos, kisiwani humo humo, uko kama kilomita 50, basi linafika. Pandeni ngazi za hekalu la Athena asubuhi mapema. Kuna punda wa kukodi, lakini mwenye magoti mazima ampumzishe mnyama. Jioni tafuteni pweza: kule nao humwanika juani, wakamchoma makaa, wakamkamulia ndimu. Hapo ndipo mume wako atanyamaza.

Na mama mkwe? Aambiwe kwa simu, na mwanawe, siyo na wewe: mwaka huu mtakuja Desemba. Mpaka simu hiyo imepigwa, usiweke hata picha moja ya Rhodes kwenye status.