Kwa mnaoanza kuandika wasifu wa wachezaji wa kale

Wiki hii nimeletewa tena rasimu ya kijana wetu mmoja. Eti Steve Bloomer, yule mfungaji wa kale wa Uingereza, alivaa jezi namba nane Derby County, siku nyingine akaingia kama sabu, kisha mkataba ukaisha akaondoka bure. Makosa matatu katika sentensi moja! Nawapenda, ila mnanizeesha.

1. Namba. Najua kwetu namba nane ni nafasi kabla haijawa jezi. Lakini Ligi ya Uingereza iliagiza namba mgongoni mwaka 1939, na Bloomer alitundika daluga 1914. Mwiteni insaidi wa kulia, yaani mshambuliaji wa ndani upande wa kulia. Wazee wataelewa, vijana watauliza. Sabu zilikuja 1965. Kabla ya hapo mtu akiumia, timu inabaki kumi, au majeruhi anachechemea pembeni hadi filimbi ya mwisho.

2. Magoli. Ya ligi yaandikwe mbali na ya kombe. Timu ya taifa ni rahisi: mechi 23, magoli 28.

3. Pesa. Hapa niacheni niseme, maana paliniumiza mwenyewe. Nikiwa mgeni kama ninyi, niliandika kwamba mwaka 1906 Bloomer alifuata noti Middlesbrough. Nilijiona mpelelezi. Dau lilikuwa pauni 750, na klabu hiyo hiyo mwaka mmoja nyuma ilimchukua Alf Common kwa pauni 1,000, dau ambalo hadi wakati huo lilikuwa halijapata kutokea. Nikajumlisha moja na moja, nikaweka na kichwa cha habari cha kejeli. Gazeti lilipotoka mhariri akaniita, mzee mpole ambaye hakuwahi kufoka. "Mwanangu, Derby walimlipa ngapi?" Sijui, mzee. "Na Middlesbrough?" Sijui, ila lazima zilizidi.

Akanifungulia kanuni. Tangu 1901 kima cha juu cha mshahara kilikuwa pauni 4 kwa wiki, klabu yoyote ile, na ada ya kusaini haizidi pauni 10. Zile 750 zilikwenda Derby, ambao ndio waliokuwa wameishiwa. Tena mkataba ulikuwa wa msimu, lakini ukiisha usajili unabaki kwa klabu. Enzi hizo wasipokuachia, huchezi kwingine kwenye Ligi. Kwa hiyo nilimwita mroho mtu aliyeuzwa, na alishakufa tangu 1938, hana pa kujibia. Derby wakashuka daraja 1907. Yeye akarudi 1910, akawaongoza kupanda tena 1912. Huyo ndiye mfuata noti wangu.

Sisemi bahasha za chini ya meza hazikuwepo. Mwaka huo huo wa 1906 wachezaji 17 wa Manchester City walifungiwa kwa sababu ya bahasha hizo. Ila bahasha ukiitaja, onyesha ilikotoka.

4. Msiishie 1914. Wengi mnaweka nukta hapo, na ndipo mambo yanapokolea. Julai mwaka huo alikwenda Berlin kufundisha, vita ikazuka, akazuiliwa Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi uliogeuzwa kambi ya raia wa Uingereza. Wafungwa wakaunda ligi yao humo ndani, na miongoni mwao alikuwemo John Cameron, aliyetwaa Kombe la FA na Tottenham mwaka 1901. Baada ya vita Bloomer akaenda Hispania, na mwaka 1924 Real Unión ya Irún, chini yake, ikaifunga Real Madrid 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Mfalme. Rasimu ya kijana wetu haina hata mstari mmoja wa hayo. Nimemrudishia, anitumie mpya kabla ya Ijumaa.